Kisu Kilichopozwa kwa Maji

Venansia, binti yangu,

Ni kichekesho kukuandikia salamu wakati ninakusikia upande wa pili wa ukuta ukicheka na shangazi zako. Hali yako nimekuuliza asubuhi, ukanijibu. Kwa hiyo salamu tuziache, na habari za nyumbani nazo tuziache, maana bado umo ndani yake mpaka kesho kamyo itakapokuja kukupeleka Luvungi kwa mumeo.

Mambo ya jikoni, ya kuamka mapema na ya kumheshimu mama mkwe, mama yako amekwisha kukwambia, na yale aliyoyasahau shangazi zako wanayamalizia sasa hivi kwa nyimbo. Mimi nina jambo moja tu. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unashona ala ya kisu, nikaishia kukuuliza kama ngozi itatosha. Mara ya pili nikasifu chai yako. Mara ya tatu nilikohoa tu, ukaniletea maji. Mwanamume aliyepiga nyundo maisha yake yote ameshindwa kufungua kinywa mbele ya binti yake, basi nimeshika kalamu. Masista walikufundisha kusoma, univumilie mwandiko wangu wa katekisimu.

Jambo lenyewe ni hili: sitakuja kukutembelea Luvungi. Kesho hakuna atakayeona ajabu, kwa sababu kwetu baba wa bibi harusi hubaki nyumbani. Lakini utakapojifungua mtoto wa kwanza, kila mtu atanitazamia nije na zawadi, nami sitakuja. Sitaki utoke mlangoni kila kamyo inaposimama barabarani. Wala sitaki udhani kwamba nilipokea ng'ombe nikakusahau. Baba mkwe wako, Mzee Bahenda, amenikataza kukanyaga kwake, na ana haki. Nitakueleza sababu. Wewe mwenyewe ulikuwepo, ingawa ulikuwa mdogo na hukujua kilichofuata.

Visu vyetu unavijua, lakini hujui nilivyokuwa navipangia bei. Nilipoanza kazi hii nilitaka kutengeneza kisu ambacho mkulima wa Runingu au mwindaji wa Sange angeweza kukinunua bila kuuza mbuzi. Visu vya madukani vilikuwa vizuri, ila bei yake ilikuwa ya Wazungu. Mimi nilichukua resori, zile springi za chuma za kamyo zilizokufa barabarani, mti wa mpera kwa mpini, ngozi ya ng'ombe kwa ala, na mtu akatoka sokoni na kisu cha kuchunia nyama kwa faranga kumi na tano. Jambo hilo nililijivunia na hata leo silionei haya. Haya yangu iko kwingine.

Bei ya chini haitoki hewani, lazima kitu kipunguzwe. Nami nilijifunza mapema, mapema mno, kwamba mnunuzi haoni moto, anaona kung'aa. Mwekee pete mbili za shaba nyekundu shingoni mwa mpini, usugue ubapa mpaka aone meno yake ndani, atakuongezea faranga tano na kukushukuru juu yake. Lakini mafuta ya kupozea chuma, na ule muda mrefu wa kukirudisha kwenye makaa taratibu mpaka kigeuke rangi ya majani makavu ili kisivunjike kama kigae, hayo hakuna anayeyaona, na hakuna anayeyalipia. Kwa hiyo kila nilipobanwa nilipunguza huko kusikoonekana. Kung'aa nilikuachia wewe.

Ulianza kusugua ukiwa na miaka tisa. Mchanga wa mtoni kwanza, kisha majivu, kisha unga wa makaa na tone la mawese, kwa kipande cha gunia. Ulikuwa na vidole vyembamba na macho ambayo hayakupitwa na kitu. Niliwaambia wateja kwamba fundi halisi wa nyumba hii ni huyu mdogo, na wote tulicheka. Ningalikuwa nasema kweli, tusingalifika hapa.

Ulipokuwa na miaka kumi na mmoja, katika juma la Pasaka, nilikuwa na visu kumi na viwili vya kupeleka soko la Luvungi. Chuma cha resori kikitoka motoni kikiwa chekundu, unakizamisha katika mawese. Ukikitia katika maji kinashtuka na kupasuka. Nilijua vizuri sana, baba yangu alinifundisha hilo kwa makofi. Lakini mawese yangu yalikuwa yamebaki kidogo chini ya chungu, mazito na machafu, na sokoni bei ilikuwa imepanda kwa ajili ya sikukuu. Nilipiga hesabu nikaona mafuta mapya yatakula faida ya visu viwili. Nikajiambia, maji mara moja tu yatanifanya nini? Nikaweka ndoo.

Kumi na kimoja vilitoka vizima. Cha kumi na mbili ulikishika wewe.

Sijui kama unaikumbuka siku hiyo. Mimi naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Ulikuwa umekaa kwenye jiwe pale mlangoni. Uliacha kusugua, ukaniletea ubapa juu ya viganja viwili.

"Baba, iyi iko na mustari."

Nilikuwa nachonga mpini na sikuinua kichwa. "Ni majivu. Sugua."

Ukaenda, ukasugua, ukarudi. "Niko nasugua, Baba, hautoke. Iko karibu na mukia."

"Weye mutoto unajua chuma kupita minye? Nimesema sugua. Kesho iko soko."

Ukasugua tena. Niliona unajifuta macho, nikajiambia ni moshi. Ulipomaliza nilikichukua kwenda kukitia mpini, na hapo niliuona. Ulikuwa mwembamba kama unywele, upana wa kidole kimoja tu kutoka mkiani, mahali chuma kinapoingia mpinini.

Kosa langu liko hapo, mwanangu, zaidi ya kwenye ndoo. Kwenye ndoo nilikuwa bahili, na mabahili ni wengi. Lakini nilipouona mstari ule nilikuwa na nyundo karibu yangu, na kazi ilikuwa ya kupepesa jicho: nikivunje, nikirudishe motoni. Badala yake nilichukua unga wa makaa na mawese nikaujaza ule mstari mpaka ukapotea, nikakurudishia usugue mara ya mwisho. Na kwa kuwa roho yangu haikutulia, kisu kile nilikipamba kuliko vyote. Mpini wa pembe, pete tatu za shaba, ala yenye mishono miwili. Watu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi kibaya nilikivalisha kama bwana harusi, kisha nikakipandishia bei.

Aliyekinunua ni Mzee Bahenda. Sikumjua wakati huo. Nilimwona mtu mrefu, mpole, mwenye shamba la pamba na mihogo, akilalamika kwamba nguruwe wa porini wanammalizia mihogo. Alikigeuza kisu huku na huku.

"Hii iko na bei ingine, Fundi. Zile zingine ni kumi na tano."

"Hii iko na kazi mingi, Mzee."

"Naona. Inang'aa sana." Alifikiri kidogo, akacheka. "Haya. Kisu muntu ananunua mara moja."

Alilipa, nami nilirudi nyumbani Uvira nikiimba juu ya kamyo. Mama yako nilimnunulia kitenge.

Ikapita miezi minne. Siku moja kijana alishuka barabarani akauliza nyumba ya fundi wa visu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na kaptula ya shule. Huyo ni Deo wako. Ulimpa maji ya kunywa, na nadhani mnakumbuka kikombe kile kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo. Alifungua kitambaa, ndani yake kisu changu kikiwa vipande viwili. Alinieleza kwamba babake alikuwa akimchoma kisu nguruwe aliyenaswa mtegoni, kisu kikakatika, nguruwe akageuka na kumpasua mkono wa kulia kwa meno. Vidole viwili vilikatwa hospitalini. Vitatu vilivyobaki havikunjiki.

"Baba anasema ni kosa yake," Deo aliniambia. "Anasema alikipinda mubaya. Anaomba umutengenezee kadogo na hii kipande yenye imebakia, ya kushika na mukono ya kushoto."

Nilitazama pale palipokatika. Chuma kizima kikikatika, ndani huwa cheupe chenye chembe za kumetameta. Hiki kilikuwa cheupe nusu, na nusu ya pili nyeusi tii, unga wangu wa makaa bado umo. Mtu asiye fundi angedhani ni uchafu.

Nafasi ya pili hiyo, nami nikaitupa kama ya kwanza. Nilimpa Deo chai, nikamtengenezea babake kisu kidogo, safari hiyo katika mawese mapya, nikakataa malipo. "Mwambie Mzee ni zawadi." Mzee Bahenda akanitumia kikapu cha mchele na ujumbe kwamba hajapata kuona fundi mwenye roho nzuri kama yangu. Akatuma tena mwaka uliofuata, na uliofuata. Sifa ile nimeila miaka saba pamoja na mchele wake, na wewe ulikuwa unaupika ukiniuliza kwa nini sishibi.

Deo hakurudi darasani. Mkono wa babake ulipokufa, jembe lilimwangukia yeye, naye alikuwa anataka kuwa mwalimu. Hilo utakaa nalo nyumbani mwako. Siku utakapomwona anakunjua kipande cha gazeti kilichofungia sukari, anakisoma mpaka mwisho kabla ya kukitupa, ujue ni nani aliyemtoa shuleni.

Kuna jingine, na Mungu anisamehe, hili linaniuma kuliko mkono wa mkwe wako. Tangu Pasaka ile hukuniambia tena kwamba kisu kina mstari. Mwaka mzima, miaka miwili, kimya. Nilidhani ni kwa sababu nimekuwa fundi bora. Kisha siku moja nikitafuta tupa niliinua gunia unalokalia, nikakuta bapa tano chini yake, na kila moja ina ufa, maana hata mafuta hayasaidii chuma kikizidi moto. Ulikuwa unazificha zisiende sokoni. Uliona afadhali nikugombeze kwa kupoteza chuma kuliko kuniambia neno ambalo ulijua sitaki kulisikia. Na kukugombeza nilikugombeza kweli. Nimekuita mzembe mbele ya wateja, ukainamisha kichwa ukaendelea kusugua. Siku ile nilirudisha gunia kama lilivyokuwa, nikashuka mtoni kana kwamba nafuata mchanga, nikalia huko.

Ndipo nilipobadili kazi yangu. Uliona mwenyewe pete za shaba zikiondoka, mipini ikiwa ya mpera mtupu, bapa zikibaki na weusi wa moto, nawe nikikupunguzia kusugua. Ulidhani nimezeeka. Wateja walinicheka: "Fundi, visu yako haioge?" Lakini bei ilishuka kuliko zamani na sijasikia tena kisu kilichokatika. Kama bei ni lazima ishuke, basi ishukie pale mnunuzi anapopaona kwa macho yake, aamue mwenyewe. Hayo nimeyajua nikiwa na mvi, kwa gharama ya mkono wa mtu mwingine.

Sitakutungia mafundisho ya ndoa juu ya chuma, shangazi zako wanatosha. Ila mtoto wako akija siku moja kukwambia ameona kitu, weka chini ulichoshika, umtazame.

Watu wa Mzee Bahenda walipokuja na pombe kukuomba, nilifurahi. Deo ni kijana mzuri, na wewe ulikuwa umeacha kuficha unavyomtazama. Lakini walipoondoka niliwaza siku zijazo. Nilikuona katika nyumba ile ukimmiminia mzee maji anawe kabla ya kula, mkono ule ukiwa mbele yako kila siku, na siku moja mtu akuonyeshe kile kisu. Ungeukumbuka mstari. Ungejua mimi nilijua. Labda ungedhani na wewe una hatia, kwa kuwa ni mikono yako iliyokisugua. Huna, Venansia. Nasema tena kwa kalamu, ili uwe nayo kwa maandishi: huna.

Majuma matatu yaliyopita niliwaambia naenda Luvungi kuuza visu. Sikubeba hata kimoja. Nilimkuta Mzee Bahenda uani akisuka kamba kwa mkono wa kushoto na meno. Alinipa kiti, nikakataa, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kuacha kusuka, kisha akaacha.

"Ule mustari, weye uliuona mbele ya kuniuzisha?"

"Niliuona."

"Nani mwingine aliuona?"

"Mutoto. Yeye njo wa kwanza. Aliniambia mara mbili, minye nikamwambia asugue."

"Mutoto gani?"

"Venansia."

Aliweka mkono wake wa kulia juu ya goti, akautazama. "Miaka saba niko nasema ni minye nilikipinda mubaya," alisema. "Bibi yangu, mama ya Deo, iko ananichekelea juu ya ile, na minye nacheka naye."

Nilimwambia nitarudisha ng'ombe, na ndoa ivunjwe kama anaona vema. Alitikisa kichwa.

"Mutoto atakuja. Mwenye aliuona, namutaka mu nyumba yangu. Lakini weye, Zakaria, usikanyage hapa tena. Siku roho yangu itapoa nitatuma muntu akuite. Kama sitatuma, njo vile. Na umwambie mwenyewe, mbele apande kamyo. Sipendi aingie kwangu hajui. Deo nitamwambia minye."

"Na mutoto akizaa, Mzee?"

"Nimesema."

Alirudia kamba yake. Hakunifukuza wala hakuniaga, nami nilisubiri kamyo kando ya barabara mpaka jua likazama.

Deo anajua sasa. Jumapili alipokuja alinipa mkono, macho yake yakiwa ukutani. Kisha akakaa na wewe mpaka jioni, nikamsikia anacheka. Anakutaka bado. Lakini wewe hujaulizwa, na ni haki yako kuulizwa. Ukisoma haya ukaona huwezi kuingia nyumba ile, nibishie ukuta tu. Nitarudisha ng'ombe mimi mwenyewe, na aibu ya kijiji nitaibeba mimi. Usimwogope mtu, hata mama yako. Yeye nilimwambia jana. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Na ile kitenge nilivaa ku misa," akaingia ndani.

Ukienda, nenda bila kunibeba kichwani. Mpende mzee yule. Ukimmiminia maji, mimina polepole, na usimwombee msamaha wangu. Hiyo si kazi yako. Mama yako atakuja kwako mara kwa mara, na akirudi nitamuuliza mpaka achoke. Watu husema majuto ni mjukuu, yaani huja baadaye. Yangu yamewahi, na mjukuu mwenyewe huenda nisimwone.

Njia nzima ya kurudi kutoka Luvungi nilikuwa natafuta maneno ya kumrudia nayo Mzee Bahenda anipunguzie. Angalau siku moja kwa mwaka. Angalau nisimame ng'ambo ya barabara nikuone ukienda shambani. Unanijua nilivyo sokoni, sijapata kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Hii nimeikubali.

Baba yako,
Zakaria